Andrew Foster, rafiki ya viziwi wa Afrika

Safari hii tunawaletea maisha ya Andrew Foster, kiziwi aliyefungulia viziwi wengi wa Afrika mlango wa masomo.

Alizaliwa mwaka 1925 katika Alabama, kule Marekani. Baba yake, mtu mweusi, alifanya kazi ya kuchimba makaa ya mawe. Mwaka 1936, Andrew akiwa na miaka 11, ugonjwa wa meninjiti ulimshika yeye pamoja na ndugu yake. Walipona, lakini masikio yao yalikuwa yamekufa.

Ginsi gani ugonjwa wa bongo unaua masikio? Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Mule, nywele ndogo sana zinapokea sauti na kuipeleka kwenye bongo. Meninjiti inaziharibu, na hazioti tena. Karibu yake kuna mifereji mitatu yenye maji, ndiyo inatusaidia kusimama bila kuanguka. Ndiyo maana wengine wakipona wanayumba-yumba, zaidi sana gizani. Si ulevi, wala si uchawi.

Foster alitaka masomo ya juu. Koleji ya viziwi ya Gallaudet, pale Washington, ilimkataa sababu ya rangi yake. Hakuchoka kuandika. Mwisho wakamkubali, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii pale.

Mwaka 1957 alifika Ghana. Wazazi wengi walificha watoto wao viziwi nyumbani, wakifikiri hawana akili. Foster aliwatafuta, akawafundisha kwa ishara za mikono katika kalasi za kuazima, watoto wengine wakiisha kurudi kwao. Mwaka 1961 alioa Berta, Mjerumani, kiziwi kama yeye. Alifungua masomo zaidi ya 30 katika inchi 13, na inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ni moja yao. Tarehe 3 Desemba 1987 avioni ndogo aliyopanda ilianguka Rwanda, naye akafa.

Siku hizi waganga wanaweza kuingiza uzi mwembamba wa umeme ndani ya ile konokono, mtu apate kusikia kidogo kidogo. Kisha meninjiti inafaa kufanya upesi, maana mfupa unaweza kuota mule na kuziba njia. Lakini mashine ile ni ya bei kali sana, tena inaomba mazoezi mengi.

Ishara za mikono haziombi umeme wala franga. Basi, tukipita katika mitaa ya Kisangani na kukutana na mtoto kiziwi, tusimpigie kelele kwa mgongo, tusimwite mjinga. Tusimame mbele yake, atuone uso, tumwombe atufundishe ishara moja. Na nyumba yenye mtoto wa namna hii, isimfiche: impeleke masomo.