Ramadhani 17: Aliyeomba kuonyeshwa soko



Leo ni siku ya Badr. Kila mwaka tarehe hii tunazungumzia vita. Mimi leo nataka tumzungumzie mtu mmoja aliyekuwepo Badr, lakini tumtazame akiwa sokoni. Ni Abdurrahman bin Auf (r.a.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo wakiwa hai.

Abdurrahman alikuwa Mkuraishi wa ukoo wa Banu Zuhra, ukoo wa mama yake Mtume (s.a.w.). Kabla ya Uislamu alikuwa na jina jingine, na Mtume ndiye aliyempa jina hili tunalomjua nalo. Alisilimu mapema sana, kwa mkono wa Abubakar (r.a.). Mateso ya Makka yalipozidi, akavuka bahari kwenda Uhabeshi. Baadaye, Waislamu walipohamia Madina mwaka 622, naye akahama. Wengi katika Muhajirina waliacha nyumba, mali na jamaa zao. Walifika Madina hawana kitu. Mtu aliyekuwa na biashara yake jana, leo anangoja kukaribishwa chakula. Hebu fikirieni hali hiyo, maana humu tunamosoma ujumbe huu wapo waliowahi kuipitia.

Mtume (s.a.w.) akawaunganisha Muhajirina na Ansari, kila mmoja na ndugu yake. Abdurrahman akaunganishwa na Saad bin Rabii (r.a.), mtu mwenye mali nyingi pale Madina. Saad hakuwa na mchezo katika undugu. Alimwambia achukue nusu ya mali yake yote. Akaenda mbali zaidi, akasema yuko tayari kumwacha mmoja wa wake zake wawili ili Abdurrahman amwoe eda ikiisha.

Jamani, nani kati yetu amewahi kupewa ofa kama hiyo? Na nani angeikataa?

Abdurrahman alimuombea dua Saad, Allah ambarikie katika ahali yake na mali yake. Kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaelekezwa soko la Banu Qainuqai. Akaenda, akauza na kununua, akarudi na samli kidogo na maziwa ya mgando yaliyokaushwa. Hiyo ndiyo faida yake ya kwanza Madina. Kesho yake akaenda tena, na siku iliyofuata tena.

Haukupita muda mrefu, akaonekana mbele ya Mtume (s.a.w.) ana alama ya zafarani mwilini, kama bwana harusi. Akaulizwa, akasema ameoa mwanamke wa Kiansari. Akaulizwa mahari, akasema ni dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume akamwambia afanye karamu ya ndoa, japo kwa mbuzi au kondoo mmoja. Yaani mtu aliyeingia mji mikono mitupu, sasa ana mke, ana mahari aliyolipa mwenyewe, na ana uwezo wa kuwalisha wenzake.

Hapa wengi wetu tunamsifu Abdurrahman peke yake, tunasema tazama mtu asiyetaka kutegemea watu. Ni kweli. Lakini tusimsahau Saad. Abdurrahman alipata nguvu ya kwenda sokoni kwa sababu alikuwa na pa kulala na pa kula. Alikuwa na ndugu nyuma yake. Hata akipata hasara siku ile, watoto wa mjini wasingemcheka. Mtu anayedaiwa marejesho ya mkopo wa kausha damu kila Jumatatu hawezi kujaribu biashara kwa utulivu ule. Kwa hiyo soko na undugu vilikwenda pamoja.

Mwaka wa pili wa Hijra, siku kama ya leo, Abdurrahman alikuwa kwenye safu ya Badr. Mwaka wa tatu alikuwa Uhud, akajeruhiwa vibaya mpaka mguuni akabaki anachechemea. Na Saad bin Rabii, yule aliyetaka kugawa nusu ya mali yake, aliuawa shahidi siku ile ya Uhud.

Na hapa kuna jambo ambalo hatulisimulii mara nyingi. Saad aliacha mjane na mabinti wawili. Kaka yake Saad akachukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu, mabinti wasiachiwe kitu. Yule mama hakunyamaza. Alikwenda na wanawe kwa Mtume (s.a.w.) kueleza kwamba mali imechukuliwa, na mabinti wasio na mali hawaolewi. Ikateremka aya ya mirathi katika Surat An-Nisaa. Mtume akamwita ami yao, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na yeye achukue kinachobaki. Wanafunzi wangu wa madrasa wanaijua hesabu hii: mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti wanapata 16, mjane 3, ami 5.

Kwa nini naitaja leo? Kwa sababu familia inaweza kuhangaika miaka ishirini, ikajenga vyumba viwili vitatu, ikanunua cherehani na jokofu, halafu baba anafariki na ndani ya wiki moja mjane yuko nje na mabegi. Tumeyaona hapahapa mtaani. Kumsaidia maskini apate mali ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumlinda asinyang'anywe.

Turudi kwa Abdurrahman. Biashara ya samli ikakua ikawa misafara ya ngamia, akawa katika matajiri wakubwa wa Madina. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, yeye ndiye aliyeswalisha alfajiri watu walipomngoja Mtume, na Mtume (s.a.w.) akaja akaswali rakaa moja nyuma yake. Umar (r.a.) alipojeruhiwa, akamweka katika watu sita wa kuchagua khalifa. Abdurrahman akajitoa yeye mwenyewe kwenye kugombea, akazunguka kuuliza watu, mpaka Uthman (r.a.) akapewa baia.

Mali yake haikulala. Imepokewa kwamba aliuza ardhi kwa dinari 40,000 akazigawa kwa ukoo wake, kwa mafukara na kwa mama wa waumini. Alifariki mwaka wa 32 Hijria, akazikwa Baqii. Na imepokewa kwamba aliusia dinari 400 kwa kila aliyepigana Badr aliyekuwa bado hai.

Lakini kisa chake kinachonigusa zaidi ni cha futari. Siku moja alikuwa amefunga, akaletewa chakula. Badala ya kula, akamkumbuka Mus'ab bin Umair (r.a.), akasema yule alikuwa bora kuliko yeye, akauawa, na sanda yake ilikuwa shuka moja: wakimfunika kichwa miguu inabaki wazi, wakifunika miguu kichwa kinabaki wazi. Akaogopa kwamba huenda malipo ya mema yao yameharakishwa hapa duniani. Akalia mpaka akakiacha chakula.

Ndugu zangu, kila Ramadhani tunagawa unga, mchele na tende. Ni jambo jema, na zakatul-fitri ni chakula, hilo libaki palepale. Lakini mwaka jana, wakati nagawa, mama mmoja muuza bagia alinivuta pembeni akaniambia: Ustadhi, unga huu utaisha baada ya Idi, mimi nina shida ya karai kubwa. Nilimjibu tutaona. Nikasahau. Mwaka huu jina lake limerudi kwenye daftari langu la wahitaji, na nimeona aibu. Kwenye daftari hilo kuna majina ninayoyaandika mwaka wa sita sasa.

Na wala si jambo geni katika dini. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kwamba mwenye ufundi apewe zaka ya kumwezesha kununua vifaa vya ufundi wake, na mfanyabiashara apewe mtaji kulingana na biashara yake. Muuza mboga kiasi chake, muuza vito kiasi chake.

Basi, kwa wenye zaka ya mali: kabla hujaigawa elfu mbili mbili kwa watu hamsini, chukua mtu mmoja unayemjua, muulize soko lake liko wapi na kinachomkwamisha ni nini. Mlipie kausha damu yake, au mnunulie kifaa. Kisha uwe ndugu yake kama Saad, usimwache peke yake. Wenye vikoba, fungueni nafasi kwa mmoja asiye na hisa ya kwanza, mumchangie kama sadaka, bila riba. Na kila mwenye nyumba, usiku huu kabla ya daku, andika mali zako na za mkeo, kila moja na mwenyewe.

Karai la yule mama nitalipeleka mimi kesho inshaallah.

Allah atujaalie mali mikononi wala si mioyoni, awarehemu mashahidi wa Badr na Uhud, na atukubalie funga zetu. Aamin.

Tukutane tarawehe.