Jemadari Eblé na Madaraja Mawili

Jean Baptiste Eblé alizaliwa Ufaransa mwaka 1758. Baba yake alikuwa sajini wa mizinga. Mwana akajifunza kazi ile tangu utoto, akapanda cheo kwa cheo, hata mwaka 1793 akafanywa jemadari.

Mwaka 1812 Kaisari Napoleon aliingia Moscow, lakini Warusi walikataa suluhu, naye ikambidi kurudi katika baridi kali. Njiani aliamuru vyombo vya kujengea madaraja vichomwe moto, ili farasi wake wavute mizinga. Eblé aliviteketeza, ila aliweka akiba matanuri mawili ya wahunzi, magari mawili ya makaa, na zana za kazi.

Walipofika mto Berezina, adui walikuwa wamekwisha kuharibu daraja. Tarehe 26 Novemba askari wa Eblé, wapata 400, waliingia majini kati ya vipande vya barafu, wakajenga madaraja mawili kwa mbao za nyumba zilizobomolewa. Daraja la magari lilivunjika mara kadha wa kadha; kila mara aliwaamsha, wakalitengeneza.

Maelfu wakavuka. Tarehe 29 aliamriwa kuyachoma madaraja, adui wasiwafuate. Alikawia, akiwahurumia waliobaki ng'ambo. Mwisho akatii, na wengi wakapotea.

Mwisho wa Desemba Eblé alikufa Königsberg kwa taabu alizozipata, na askari wake wengi walikufa vilevile. Basi jeshi la Kaisari liliokolewa na mtu aliyetunza nyundo na makaa.