Elijah McCoy: Mtia oili aliyeziokoa injini

WENYE Land Rover na Peugeot 404 za zamani mjini Moshi wanaijua adha ya kupanda kwenda Marangu. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ya Kilimanjaro, lililo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, gari hupanda kwa gia ndogo, injini ikichemka. Oili iliyo nyepesi mno huzidi kuwa nyepesi kwa joto hilo, vyuma vikaanza kusagana. Ndiyo maana mafundi wengi hushauri oili nzito, kama 20W-50, kwa injini zilizokwisha kulika.

Oili ipi ihimili joto lipi? Swali hilo lilimshughulisha Elijah McCoy karibu maisha yake yote.

McCoy alizaliwa mwaka 1844 huko Ontario, Kanada. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa waliotoroka Kentucky, Marekani. Akiwa na miaka 15 walimpeleka Edinburgh, Scotland, kusomea uhandisi wa mitambo. Aliporejea, familia ikiwa imehamia Michigan, aliomba kazi ya uhandisi katika reli ya Michigan Central. Utumwa ulikuwa umekwisha kisheria, ubaguzi haukwisha. Mhandisi huyo mweusi alipewa kazi ya kuchochea moto wa garimoshi na kutia oili.

Enzi hizo treni zililazimika kusimama mara kwa mara ili mtia oili ashuke na kopo lake kupaka vyuma. Muda ulipotea, na chuma kilichosahauliwa kiliharibika. McCoy akabuni kikombe cha oili kilichotumia nguvu ya mvuke wenyewe kudondosha mafuta ndani ya silinda injini ikiendelea kufanya kazi. Alipata hataza ya uvumbuzi huo Julai 1872.

Alijipatia hataza zaidi ya 50, nyingi zikihusu ulainishaji wa mitambo. Lakini mtaji wa kujenga kiwanda hakuwa nao. Haki nyingi aliziuza kwa waajiri na wawekezaji, na vifaa vikaingia sokoni bila jina lake. Mwandishi wa makala haya anaona dhuluma hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kupewa kopo la oili.

Karne ya 20 ilileta injini zenye mvuke wa joto kali zaidi, na oili ya kawaida ikashindwa. Mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, McCoy alipata hataza ya kifaa kilichochanganya oili na unga wa grafiti, madini meusi ya kwenye penseli, yanayostahimili joto kali. Wachimbaji wa Mirerani, katika tambarare zilizo chini ya Kilimanjaro, wanayafahamu vyema, kwani hukutwa pamoja na tanzanite. Hata kwa Land Rover ya mwaka 1965 kanuni haikubadilika: kitabu cha gari hutaja uzito wa oili kulingana na joto la mahali.

Mwaka 1920 hatimaye alianzisha kampuni yenye jina lake mjini Detroit. Miaka miwili baadaye yeye na mkewe Mary walipata ajali ya gari. Mary hakupona majeraha yake, na McCoy hakurudi tena katika afya yake. Alifariki Oktoba 1929 katika nyumba ya wagonjwa karibu na Detroit. Mwaka 2012 ofisi ya hataza ya Marekani iliyofunguliwa mjini humo ilipewa jina lake.