Maisha ya Paul Lomami Tshibamba, Mwandishi wa Hadithi



Tangu tulipoingia sekondari tunajifunza majina ya waandishi wa Ufaransa. Tunajua La Fontaine, tunajua Molière na Victor Hugo. Lakini mtu akituuliza jina la mwandishi wa hadithi wa hapa kwetu Kongo, wengi kati yetu tunaangaliana tu. Juu ya hiyo tumechagua kueleza katika kurasa hizi maisha ya Paul Lomami Tshibamba. Ni mtu aliyepata mateso kwa sababu ya swali aliloliandika, na hata hivyo hakuacha kuandika.

Lomami alizaliwa tarehe 17 Julai 1914 katika mji wa Brazzaville. Baba yake alikuwa mtu wa Kasai, na mama yake mtu wa upande wa Ubangi. Alikuwa angali mtoto wakati jamaa yake ilipovuka mto na kukaa Leopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Ninyi mnaojua ramani mnajua kwamba miji hii miwili inatazamana, na mto Kongo tu unaitenga. Upande mmoja walitawala Wafaransa, upande mwingine Wabelgiji. Mto huu utarudi mara nyingi katika maisha yake.

Siku zile Kongo haikuwa na universite hata moja. Ile ya Lovanium ilianza tu mwaka 1954. Kijana mweusi mwenye akili, kama alitaka kusoma mbele ya masomo ya chini, njia yake ilikuwa karibu moja: seminari ya Wakatoliki. Lomami akaingia seminari ndogo ya Mbata-Kiela, katika inchi ya Mayombe. Huko alijifunza kifaransa vizuri sana. Lakini angali kijana, ugonjwa ulimshika masikio, akawa kiziwi. Njia ya upadri ikafungwa. Tuwaze kidogo: kijana ambaye hasikii mwalimu, hasikii wenzake wanapocheka, na kazi aliyoitazamia imepotea. Wengine wangekaa nyumbani na kulia. Yeye alishika kalamu. Akafanya kazi ya karani, na tena akaandika katika gazeti la La Croix du Congo.

Mwezi wa Januari 1945 gazeti jipya lilianza kutoka Leopoldville, jina lake La Voix du Congolais. Waandishi wake walikuwa Wakongo wenyewe, na mkubwa wao alikuwa Antoine-Roger Bolamba, lakini serikali ya Wabelgiji ililichunga kwa macho mawili. Vita kubwa ya ulimwengu ilikuwa karibu kwisha. Wakongo walikuwa wamelima, wamechimba, wamegema mpira, na waaskari wao walikuwa wamepigana mpaka Etiopia. Basi mwaka ule Lomami akaandika makala ya kuuliza jambo moja: kisha vita, sisi Wakongo tutakuwa na nafasi gani katika ulimwengu wa kesho? Hasa aliwawazia wale walioitwa evolue, ndio watu waliosoma, waliovaa koti na kusema kifaransa. Watu hawa hawakuwa tena watu wa kijiji, lakini Wazungu nao hawakuwakubali kuwa wenzao.

Hakutukana mtu, aliuliza tu. Lakini wakubwa wa serikali walikasirika. Walimwita, wakamhoji, tena wakamchapa fimbo. Ninyi mlioisikia habari ya fimbo kutoka kwa babu zenu mnajua ilikuwa kitu gani. Mtu aliyesoma, karani mwenye jamaa, alilazwa chini kama mwizi juu ya ukurasa wa gazeti.

Kisha hayo, angeweza kusema kwamba kuandika ni hatari, ni heri kunyamaza. Lakini yeye alibadilisha njia, akaandika hadithi. Jina lake ni Ngando. Wale wanaosikia lingala wanajua ngando ni mamba. Ni habari ya mtoto mmoja wa Kinshasa, jina lake Musolinga, ambaye siku moja anaacha masomo na kwenda kuoga mtoni. Mamba anamkamata, na huyu si mamba wa bure, ametumwa na mchawi. Baba wa mtoto hakubali. Anakwenda kumtafuta mwana wake mpaka katika makao ya mizimu, na anapewa mwiko wa kushika mpaka wafike nyumbani. Lakini mwiko unavunjwa, na mwisho ni wa huzuni. (Sisi wa Goma tuko na bahati, ziwa letu la Kivu halina mamba. Lakini wale wanaoruka masomo kwenda kuoga wasifurahi mbio, prefe yuko.)

Mwaka 1948 hadithi hii ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano yaliyofanywa Brussels, na ikachapwa huko huko kuwa kitabu. Hivi mtu aliyepigwa fimbo juu ya maandiko yake, miaka mitatu tu kisha, alisifiwa juu ya maandiko yake katika mji mkubwa wa Wabelgiji. Na katika hadithi ile hakuacha kuonyesha maisha ya watu weusi wa Kinshasa: kazi, jua, njaa, na woga wa mkubwa wa kazi.

Lakini Leopoldville haikuwa tena pahali pa raha kwake. Akavuka mto, akarudi Brazzaville alikozaliwa. Kule tangu mwaka 1950 aliongoza gazeti la Liaison. Hapo ndipo tunamsifu zaidi, kwa sababu hakujiandikia yeye peke yake. Katika kurasa za gazeti lile vijana walijaribu kalamu zao, na wengine wakawa waandishi wa sifa, kama Jean Malonga na Sylvain Bemba. Watu wengi wanahesabu kwamba uandishi wa Kongo-Brazzaville ulikulia hapo.

Mwaka 1959 akarudi Leopoldville. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Juni 1960, inchi yetu ikapata uhuru, na swali lake la mwaka 1945 likaanza kupata jibu. Kisha akakaa muda mrefu bila kutoa kitabu. Ni mwaka 1972 tu, miaka 24 kisha Ngando, alipotoa La récompense de la cruauté, na mwaka 1974 hadithi ya Londema. Mwaka 1981 kitabu chake Ngemena kilichapwa Yaoundé, inchi ya Kameruni, katika nyumba ya vitabu ya CLE, ambayo ni ya makanisa ya Kiprotestanti. Ndani yake anaeleza safari ya kupanda mto wakati wa ukoloni, na yale aliyoyaona huko. Alikufa tarehe 12 Agosti 1985 huko Brussels, mwenye miaka 71.

Wenzetu, tumeandika habari hii juu ya nini? Kila mara gazeti letu linapotaka kutoka, tunaomba maandiko, na jibu ni lile lile: sina wakati, sijui kifaransa vizuri, watanicheka. Lomami alikuwa kiziwi, alichapwa, aliacha mji wake, na aliandika. Sisi tuko na masikio, kaye tuko nazo, na fimbo hakuna. Labda kuchekwa kutakuwapo kidogo. Basi tuandike. Na yule mwenye swali moyoni asiogope kuliuliza kwa heshima. Kurasa za gazeti hili zinamngoja.