Robert Wangila: bondia wa kilo 67 aliyewatoa Waafrika kimasomaso

Leo tuweke pembeni Simba na Yanga, tuongelee ngumi.

Pale Kingolwira nilipokulia, nje kidogo ya Morogoro mjini, sisi vijana tulikuwa tunapigana ngumi kwa kuzungushia matambara mikononi. Habari za uzito hakuna aliyezijua, mkilingana kimo tu mnapangwa. Siku moja nikapangiwa jamaa mmoja kajazia kweli kweli, raundi ya kwanza tu nikaona nyota mchana. Jioni mjomba akanipandisha kwenye mizani ya kupimia magunia ya mahindi: kilo 49. Akampandisha na yule jamaa: kilo 63! Mjomba alicheka weee, halafu akakaa chini akanisimulia habari za Robert Wangila. Tangu siku hiyo nikajua kwamba ngumi ni mizani kwanza, ubabe baadaye.

Msidhani ni ushamba wa Kingolwira peke yake. Jack Broughton alipoweka sheria zake za ngumi kule London mwaka 1743, hazikugusa kabisa suala la uzito. Hata yalipokuja mambo ya ubingwa wa uzito wa kati na wa juu, mwembamba aliruhusiwa kumfuata mnene. Bob Fitzsimmons, aliyewahi kuwa mhunzi, alikuwa na kilo kama 76 tu mwaka 1897 alipomwangusha James Corbett na kuchukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Lakini akina Fitzsimmons ni wachache, wengi waliumia. Mwaka 1909 klabu moja ya London, National Sporting Club, ikapanga madaraja manane yenye kilo zinazoeleweka.

Sasa turudi kwa Wangila. Alizaliwa Nairobi mwaka 1967. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 ngumi zilikuwa na madaraja 12, kuanzia wale wa kilo 48 mpaka mijitu ya zaidi ya kilo 91. Yeye alikuwa welta, mwisho kilo 67. Mtu wa kuogopwa hapo alikuwa Mmarekani Kenneth Gould, bingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka 1986, ila Mfaransa Laurent Boudouani akamtoa nusu fainali. Fainali ikawa Wangila na Boudouani. Raundi ya pili tu, Mfaransa chali! Ikawa dhahabu ya kwanza ya ngumi za Olimpiki kwa Mwafrika mweusi. Na mpaka leo Kenya haijapata dhahabu nyingine ya Olimpiki nje ya riadha.

Fikiria wadau, bila madaraja kijana wa kilo 67 angepangwa na nani? Dunia isingemjua kabisa.

Mwaka 1989 akaingia ngumi za kulipwa Marekani. Huko ndiko mambo yakabadilika. Ngumi za kulipwa zina orodha zake za ubora, na medali haikupi mkanda, unapanda ngazi moja moja kwa kupigana. Wangila alipanda, akateleza, akapanda tena.

Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, akapambana na David Gonzales. Raundi ya tisa refa akasimamisha pambano. Wangila akalalamika, alitaka kuendelea. Baadaye akiwa chumba cha kubadilishia nguo akapoteza fahamu, na tarehe 24 akafariki. Miaka 26 tu! Hata kuzikwa kwake kulileta mvutano mpaka mahakamani, kwa sababu alikuwa amesilimu na ndugu hawakukubaliana juu ya taratibu za maziko.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 1996, miaka miwili tu baadaye, yule Boudouani aliyelambishwa sakafu Seoul akawa bingwa wa dunia wa WBA, uzito wa juu kidogo ya welta. Aliyempiga alikuwa tayari kaburini.

Sasa nyie madogo mnaojifua huko Moro, Dar na kwingineko, sikilizeni. Mizani inakulinda na mtu mwenye mwili kuliko wako. Haipimi makonde mangapi yameshaingia kichwani. Hiyo ni kazi ya refa, daktari na kocha. Ndiyo maana refa akisema basi, hata kama unajiona bado una nguvu, shuka ulingoni. Pambano lingine lipo, kichwa kingine hakipo.

Mjomba alimaliza hadithi yake kwa kunitafutia mpinzani wa kilo 50. Nilipigwa tena, ila safari hii sikuwa na kisingizio!

Je, mtaani kwenu vijana wanapimwa kabla ya kupanda ulingoni, au bado mnaangalia kimo tu? Maoni ruksa, ila bila matusi.