Az-Zahrawi: Tabibu wa Andalusia Aliyefundisha Kuhakikisha Kabla ya Kukata

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, tumezoea kuwataja wanazuoni wa tafsiri, hadithi na fiqhi, na hiyo ni haki yao. Leo tunamtaja mtu aliyewatumikia waja wa Allah kwa kisu cha tiba: Abu al-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, ambaye Wazungu walimwita Abulcasis.

Az-Zahrawi alizaliwa karibu mwaka 936 Miladi katika Madinat az-Zahra, mji uliojengwa na Khalifa Abdur-Rahman III jirani na Kurtuba, katika Hispania ya leo. Nasaba yake ilirejeshwa kwa Ansari wa Madina. Alitibu watu kwa miaka mingi, na karibu mwaka 1000 akakamilisha kitabu chake kikubwa, At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji: kuchoma kwa chuma cha moto, kukata na kushona, na kuunga mifupa. Humo alichora vyombo vipatavyo 200, ili mwanafunzi aone umbo la kila kimoja.

Lakini kabla hajafundisha namna ya kukata, alianza na onyo. Aliwaambia wanafunzi wake, aliowaita wanawe, kwamba asiyeujua mwili ulivyoumbwa, mifupa, mishipa na viungo vyake, ataua watu. Akawasimulia aliyoyashuhudia. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke yule akafa mbele yake. Mwingine alimtoa mzee jiwe kubwa katika kibofu, likatoka pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee akafariki baada ya siku chache. Akawausia wasiingie katika upasuaji wa hatari kwa tamaa ya mali wala sifa.

Tahadhari hiyo inaonekana wazi katika mlango wa nyama zinazoota puani. Kwanza tabibu aichunguze nyama yenyewe. Akiiona ngumu kama jiwe na rangi yake imegeuka nyeusi, asiiguse kwa chuma, kwani huenda ni saratani. Ikiwa ni laini, amkalishe mgonjwa akilielekea jua ili mwanga uingie, aipanue pua, aishike nyama kwa ndoana na kuikata. Damu ikitoka, aizuie kwanza. Kisha ahakikishe kama njia imefunguka. Kama bado imeziba, apitishe uzi wenye mafundo kutoka puani hadi kooni, autoe mdomoni, na auvute huku na huku mpaka mabaki yatoke. Kila hatua ina jambo la kuangalia kabla ya kuingia hatua inayofuata.

Az-Zahrawi alifariki karibu mwaka 1013, baada ya fitna iliyouangamiza mji aliozaliwa. Kitabu chake kilibaki. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alitafsiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi.

Leo badala ya mwanga wa jua daktari huingiza puani kamera nyembamba, lakini hatari iko pale pale. Mfupa unaotenganisha pua na jicho ni mwembamba kama karatasi, ubongo uko juu tu, na mshipa mkubwa wa damu na mshipa wa fahamu wa jicho hupita jirani. Kosa dogo laweza kumpofusha mtu au kumuua. Ndiyo maana madaktari hutumia orodha ya ukaguzi. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Ni upande upi wa pua? Picha ya CT-Scan iko mbele yetu, na tumeitazama mifupa na mishipa yake? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Mwishoni, vitambaa vyote vilivyoingizwa vimehesabiwa na kutolewa?

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha kama hiyo kwa upasuaji wa kila aina mwaka 2008, yenye mambo 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa Tanzania, nyingine Amman, Jordan. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, vifo vilikuwa vimepungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja inayosomwa kwa sauti, na roho za watu zikasalimika kwa idhini ya Allah.

Wapo wanaodhani kwamba kukagua mara mbili mbili ni upungufu wa kutawakali. Sivyo. Mtume (S.A.W.) alimuelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Na alibainisha kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara anayosababisha. Mwili wa mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi ni amana: hawezi kusema wala kujitetea. Daktari bingwa anayeona haya kusoma orodha mbele ya wauguzi akumbuke kuwa Az-Zahrawi, pamoja na umahiri wake, aliogopa mkono wenye haraka.

Nasi wagonjwa tuna wajibu wetu. Tusimfiche daktari dawa yoyote tunayotumia, hata za asili. Tuulize tutafanyiwa nini na upande gani. Kuuliza si utovu wa adabu.

Tunamuomba Allah amrehemu Az-Zahrawi, awape madaktari wetu elimu na uaminifu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin. Wallahu a'lam.