Jeevanjee na Gazeti Lake

Watoto wa Shari wanajua malori yanayoleta bidhaa Bunia. Bidhaa nyingi zimetoka mbali: zimeshushwa melini Mombasa, mji wa pwani, zikapita Nairobi na Uganda. Zamani njia hiyo haikuwa na reli wala lori; watu walibeba mizigo kichwani. Mmoja wa watu waliosaidia kuifungua aliitwa Alibhai Mulla Jeevanjee.

Alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Karachi. Siku zile mji huo ulikuwa wa Uhindi, nao Waingereza waliutawala. Mwaka 1890 alifika Mombasa kufanya biashara. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kwenda Ziwa Victoria. Jeevanjee akawaletea wafanyakazi kutoka Uhindi, akawatafutia chakula, akajenga na nyumba za stesheni. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, naye akawa tajiri sana.

Lakini mali haikumpa haki. Mashamba mazuri ya milimani yalikuwa ya Wazungu tu. Mhindi hakupewa, hata akiwa na fedha mkononi. Na Waafrika, wenye nchi, walinyang'anywa mashamba yao.

Mwaka 1902 Jeevanjee alianzisha gazeti Mombasa, jina lake African Standard. Liliandikwa kwa Kiingereza, nalo lilitoka mara moja kila juma. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza wawili. Wakalibadili jina, likaitwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Basi tazameni jambo lililotokea. Gazeti lile likawa sauti ya Wazungu wenye mashamba, wale waliotaka Wahindi wanyimwe haki. Aliyelianzisha hakuwa na neno tena ndani yake.

Hata hivyo Jeevanjee hakunyamaza. Mwaka 1909 serikali ilimweka katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa Mhindi wa kwanza kuingia humo. Wenzake wote walikuwa Wazungu. Mwaka 1910 alikwenda London, akawaeleza Waingereza jinsi watu wake walivyodhulumiwa. Mwaka 1914 alikuwa mmoja wa watu walioanzisha chama cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki.

Lakini tusifiche kosa lake. Kule London alitaka nchi ile iunganishwe na Uhindi, kana kwamba haina wenyewe. Yeye aliyelia kwa kudharauliwa hakukumbuka kuwauliza Waafrika. Mwafrika wa kwanza kuingia Barazani, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Wakati huo Jeevanjee alikuwa amekwisha kufa.

Alikufa Nairobi mwaka 1936, na mali yake nyingi ilikuwa imekwisha. Lakini katikati ya mji ule iko bustani aliyowapa watu wote. Mwaka 1991 wakubwa walitaka kujenga juu yake. Mjukuu wake, Zarina Patel, na watu wengine wengi walikataa, na bustani ikaokoka. Mpaka leo watu hukaa humo chini ya miti, maskini na matajiri pamoja.

Gazeti aliliuza kwa fedha, likawa la wengine na likawapinga watu wake. Bustani aliitoa bure, nayo ndiyo inayolitunza jina lake.